Chai ya Bwana DO

Kahonzi wa Katana hakuwa mtu wa kutishwa kwa sauti kubwa, maana yeye mwenyewe alikuwa nayo, na aliitumia tangu asubuhi. Mumewe, Gona, alikuwa mgema mpole, na akiulizwa kwa nini hakawii kupanda minazi lakini hukawia kushuka, alijibu kwamba huko juu kuna upepo na kuna kimya. Utani huo uliposemwa, Kahonzi ndiye aliyecheka kuliko wote. Kuitwa mkali hakukumtia haya. Haya yake ilikuwa moja tu, nayo ni kula jasho la mtu na kutolirudisha.

Kwao ni Kwa Mwaringa, ukipita Kakuyuni ukielekea Marafa, mahali pa mihogo na mikorosho na jua lisilo na adabu. Huko mtu halimi peke yake. Kuna mweria, ushirika wa kulimiana: leo wote shambani kwangu, kesho wote kwako, na malipo ya mtu ni zamu yake kufika. Kahonzi alikuwa mkuu wa mweria wa wanawake, na cheo hicho hakupewa kwa kuwa mpole.

Penye wengi pana mengi. Hutokea mtu akalimiwa shamba lake lote, kisha zikifika zamu za wenziwe mgongo ukaanza kumuuma. Mtu wa namna hiyo wanawake wa Kwa Mwaringa hawakumtukana wala hawakukimbilia kumpeleka kwa wazee. Walimkalia. Alfajiri walifika uani kwake wote, wakayalaza majembe mbele yao, wakaketi. Hawakusema neno. Sasa nambie, ni nani awezaye kuoga, au kugombana na mumewe, au hata kujikuna, huku wanawake wa kijiji kizima wanamtazama? Wengi walishindwa kabla ya jua kupanda.

Mtoto wa kwanza wa Kahonzi alikuwa Kadii. Uchungu ulimshika Kadii wakati wa mvua za masika, ukamshinda mkunga, na wanaume wakamlaza juu ya kitanda cha kamba wampeleke hospitali Malindi kwa miguu. Hakufika hata Kakuyuni. Alikata roho njiani, mtoto wake bado tumboni, na waliombeba wakageuza kitanda wakarudi nacho. Kahonzi alilia hadi matanga yakaisha. Yalipoisha alikwenda kwenye baraza ya kwanza iliyoitwa, akasimama mbele ya mkuu wa tarafa, yule aitwaye DO, akamwambia kwamba Kwa Mwaringa wanataka zahanati.

DO wa wakati huo, mwanzo wa miaka ya themanini, alikuwa mtu wa maneno matamu. Akasema, "Jengeni, mama. Hiyo ndiyo harambee. Mkimaliza kujenga, serikali italeta muuguzi na dawa."

"Kwa hiyo hii ni zamu yetu," Kahonzi akauliza, "na inayofuata ni yenu?"

DO akacheka. Akasema, "Ndiyo, inayofuata ni yetu." Alidhani amejibu swali la mwanamke wa shamba, kumbe ameingia mweria.

Walijenga. Wanawake walibeba mawe na mchanga kichwani, na maji ya kukandia saruji waliyatoa mtoni walikotoa ya kunywa. Wanaume walikata miti na kupiga mabati. Kahonzi alibeba kama mtu anayepigana na jiwe, na aliposhauriwa apumzike alimwangalia mshauri mpaka akaondoka. Jengo likasimama: vyumba viwili na baraza yenye kivuli, limepakwa chokaa. Palikuwa hapana nyumba nzuri kuliko ile toka Kakuyuni hadi Marafa. Wakaufunga mlango, ufunguo wakampa Masha, naibu wa chifu, mzaliwa wa pale pale, wakaingoja serikali.

Ukaja ukame wa mwaka wa themanini na nne badala yake. Watu wakala mahindi ya njano ya msaada, wakamshukuru Mungu na kuyalaani mahindi kwa pumzi moja. Mvua zikarudi, wakapanda, wakavuna. Muuguzi hakuja. Mbuzi wa kijiji ndio waliotibiwa kwa kivuli cha baraza.

Hatimaye alikuja DO mpya, mtu wa bara, kijana, suruali yake imepigwa pasi hata ungeweza kukatia embe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametumwa na waliotumwa. Akawaeleza watu wa Kwa Mwaringa habari za ulimwengu: bei ya kahawa imeanguka, mafuta yamepanda, serikali inatumia zaidi ya inachopata, na pengo linazibwa kwa mikopo. Waliokopesha wamesema matumizi yapunguzwe. Kwa hiyo serikali imesimamisha kuajiri. Hakuna muuguzi mpya, hakuna dawa za zahanati mpya. Na mali iliyokaa bure lazima iingize chochote. Jengo lile litapangishwa kwa mfanyabiashara wa Mariakani awe akiweka magunia ya korosho na mahindi. "Ni wakati mgumu," akamaliza. "Sote tukaze mishipi."

Kahonzi akainuka. "Bwana DO, mshipi hukazwa na mwenye mshipi. Sisi twafunga leso, na hii leso tumeikaza tangu ule ukame."

Watu wakacheka. DO akangoja wamalize.

"Mimi sikusoma," Kahonzi akaendelea. "Lakini nyumba nimeiendesha. Mtu akipungukiwa hupunguza kitoweo. Hapunguzi mwana. Nyinyi huko mmeanza kupunguza wana, na kitoweo naona bado mwala."

"Mama, serikali haina pesa. Nikufanyie nini?"

"Kahawa sikulima mimi. Mkopo sikukopa mimi. Nilichofanya mimi ni kubeba mawe, kwa kuwa mliniambia nikiyabeba mtaleta mtu. Sasa mwataka kulaza gunia mahali nilipotaka kulaza mzazi?"

DO akafunga baraza. Kahonzi alirudi nyumbani na hasira zake, akamwagia kuku maji aliyokusudia kupikia. Gona akaona upepo wa minazini unamwita.

Katika wiki hiyo Kahonzi alipeleka mboga ya mchunga na maboga Malindi mjini, kwa Bi Hindu, mteja wake wa miaka mingi, bibi wa Kibajuni aliyekaa karibu na msikiti nyuma ya soko. Mlangoni alimkuta mjukuu wa bibi huyo, Zuleikha, anakaanga kaimati za kuuza.

"Shikamoo, mama Kahonzi."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe si ndiwe uliyekwenda kusomea uuguzi Mombasa? Mbona naona unauguza unga?"

Zuleikha akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na uchovu. Alisoma, akapasi, akavaa kofia nyeupe siku ya kuhitimu, akapigwa picha. Tangu hapo yuko nyumbani. Kila akienda kuuliza anaambiwa nafasi zimefungwa mpaka hali ya uchumi itengemae. Darasa lao zima limerudi kwa mama zao.

Kahonzi akalitua kapu. Akakaa kizingitini bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwa akilifanya kwa watu wa mjini. Kumbe muuguzi yupo. Na nyumba ipo. Na wagonjwa, Mungu apishe mbali, hawajapata kukosekana. Kilichokosekana ni neno moja la mtu aliyekaa juu ya kiti. Hilo lilimkera kuliko njaa.

"Nikikufungulia mlango, utaingia?" akamuuliza.

"Bila ya kuajiriwa? Mama, nitakula nini?"

"Utakula tunachokula. Tutakulimia. Shamba lako litakuwa la kwanza katika mweria, kabla ya langu."

Zuleikha akamtazama nyanya yake. Bi Hindu, aliyekuwa akivuta uradi kwa tasbihi yake na kusikiliza kila neno, akasema, "Kaimati n'tazikaanga miye. Wewe hukwenda Mombasa kusomea kaimati." Zuleikha akasema ataingia, lakini kwa sharti moja: mlango usivunjwe. Cheti chake alikipata kwa taabu, na hataki kuanza kazi kama mwizi.

Hapo ndipo Kahonzi alipoamua kwamba serikali itakaliwa.

Siku ya pili yake wanawake wa mweria waliondoka Kwa Mwaringa gizani, majembe begani. Malindi ilipofungua milango iliwakuta wameketi uani kwa ofisi ya DO, wamejipanga, majembe yamelazwa mbele. Wenye mahando meupe, zile sketi za marinda za kiasili, walikuwepo, na wenye leso, na Kanze, ambaye mimba yake ilikuwa kubwa na aliyekatazwa kuja na kila mtu, akaja. Askari wa mlangoni akawauliza wanataka nini. Hakuna aliyemjibu. Akauliza tena. Akaanza kusawazisha kofia yake.

DO alipofika alisimama kwenye ngazi akawaambia mkutano bila kibali ni kosa.

"Hatukukutana," Kahonzi akasema. "Tumekaa."

"Mmekaa kwa nini?"

"Bwana anajua. Zamu yenu imefika."

DO hakujua. Aliingia ofisini, akachungulia dirishani, akakuta wanamtazama. Akahamia meza ya upande mwingine. Watu wenye shida zao walifika, wakaona majembe, wakauliza kwa sauti ya chini, wakaambiwa, wakakaa nao kutazama. Jua likapanda. Wageni wa hoteli, wawili wekundu kama kamba waliochemshwa, wakasimama barabarani na kamera. Hilo la kamera ndilo lililomchoma DO. Kuwakamata wanawake na mwenye mimba mbele ya watalii, mwaka ambao hoteli ndizo zilizobaki kuleta pesa za kigeni, kungemharibia kazi. Kuwaacha kungemharibia vilevile. Akafikiri kiungwana. Akamwita tarishi akamwambia awapelekee chai na mikate akina mama wale, wanywe, wapoe, waende zao.

Chai ikaja katika sinia, ya maziwa, inafuka moshi. Wanawake wakatazamana.

Hapo inafaa niseme jambo ambalo DO hakulijua, na wala si kosa lake, maana hawakumfundisha chuoni. Anayekaliwa ana njia mbili. Akiona hana deni, hawapi waliomkalia hata tone la maji, wala mtu hamlaumu. Wataondoka, na kesi itakwenda kwa wazee. Lakini akiwapa kitu cha kutia kinywani, kiwe chai au muhogo mbichi, amekiri. Amesema mbele ya watu kwamba zamu ni yake na ataitimiza. Baada ya hapo hana pa kujificha, na waliopewa wakila basi wamepokea ahadi. Kwa Mwaringa mtoto mdogo anajua hilo.

Kahonzi akapokea kikombe cha kwanza. Akakiinua, akamwangalia DO pale dirishani, akamwinamia kichwa kwa heshima kubwa. DO naye, kwa kuwa alilelewa vyema, akainamisha chake. Wote wakanywa. Masha, naibu wa chifu, alikuwa ameitwa mbio toka Kwa Mwaringa aje kusaidia. Aliingia uani anahema, akaona vikombe midomoni, akaona na DO dirishani anatabasamu. Akaketi chini ukutani, akajifunika uso kwa kofia yake.

"Ameshawapa?" akamuuliza tarishi.

"Ameshawapa. Na mkate."

"Na mkate," Masha akasema, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Wanawake wakainuka, wakakung'uta nguo, wakamshukuru bwana DO kwa mikono miwili, wakayatia majembe begani. Huyo DO alijisifu wiki nzima kwamba amewatuliza watu kwa chai. Naye Masha alipofika nyumbani alimkuta Kahonzi amekaa mlangoni pake. Hakuombwa ufunguo. Aliutoa mwenyewe, akampa.

Zuleikha akaja na sanduku lake na picha yake ya kuhitimu. Dawa walizinunua wenyewe Malindi kwa korosho zao, na nyingine waliomba kwa masista wa kanisa. Mlango ukafunguliwa Jumatatu, na mgonjwa wa kwanza alikuwa mzee Kiponda, aliyekuwa na kidonda mguuni tangu kabla ya ukame na alikuwa amekizoea kama jamaa. Zuleikha alikiosha akikemea. Kahonzi alisimama barazani akasikiliza makemeo yale, na machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Laiti ingekuwa wakati wa Kadii.

DO alizipata habari kwa yule mfanyabiashara wa Mariakani, aliyekuja na magunia akakuta foleni ya watu. Kesho yake akafika Kwa Mwaringa na Landrova, askari wawili na kufuli jipya. Wanawake walikuwa wameshaingia ndani, na vyumba vyote viwili vimejaa. Kahonzi peke yake alikuwa kizingitini.

"Nani aliwaruhusu?" DO akauliza.

"Wewe, bwana."

"Mimi? Lini?"

"Ulipotupa chai."

DO akamgeukia Masha amfafanulie wazimu huu. Masha akamfafanulia, macho chini. DO alisikiliza mpaka mwisho, na masikio yake yakabadilika rangi. Akasema yeye aliwapa chai kwa huruma, na serikali haiendeshwi kwa vikombe. Akampa Masha kufuli. "Funga."

Masha alikuwa na watoto saba na mshahara mmoja. Alilipokea lile kufuli. "Bwana," akasema, "serikali yanilipa, nami nashukuru. Lakini siku nikifa haitakuja kunichimbia kaburi. Watakaonichimbia ni waume wa hawa." Akalirudisha kwa mikono miwili.

Askari wale wawili walikuwa watu wa pwani. Mmoja akaanza kukagua gurudumu la gari. Mwingine akamsaidia.

"Basi nitafunga mwenyewe," DO akasema.

"Funga, bwana," Kahonzi akamwambia. Hakuinua sauti, na waliomjua waliogopa zaidi kwa hilo. "Ila sisi hatutoki. Mwanangu alifia njiani, na mimi njiani sirudi. Ukimpangisha yule mtu wa magunia, mwambie nyumba ina watu." Akaingia ndani, akauvuta mlango nyuma yake.

DO alibaki mbele ya mlango ule na kufuli mkononi. Ndani alimsikia muuguzi akimwambia Kanze avute pumzi, aitoe polepole, vizuri, tena. Alikuwa na mke Nyeri, naye alikuwa mja mzito, jambo lililojulikana baadaye kwa dereva wake. Mwishowe alirudi garini akaketi. Aliandika, wanasema, kwamba zahanati ya Kwa Mwaringa iko wazi kwa muda, chini ya mpango wa wananchi. Uongo huo ndio ukweli pekee serikali iliowahi kuuandika juu ya jengo lile.

Miaka ikasogea. DO yule alihamishwa, akaja mwingine. Zuleikha hakuajiriwa, kwa kuwa hali ya uchumi haikutengemaa, au ilitengemaa upande usioonekana toka Kwa Mwaringa. Wanawake walimlimia kama walivyoahidi, ubavuni mwa zahanati, na kila mmoja alipimiwa ngwe yake, kipande chake cha kulima.

Mwisho wa muongo ule likaja neno jipya toka Nairobi, kugawana gharama, na pamoja na neno wakaja wakubwa, magari matatu ya vumbi. Mkubwa wao aliizunguka zahanati akipendezwa. Aliwaambia watu kwamba Kwa Mwaringa ni mfano kwa nchi nzima. Hivi ndivyo serikali inavyotaka, wananchi wachangie, wajitegemee, wasiingoje hazina iliyoelemewa. Akaomba wapigiwe makofi. Yakapigwa, machache.

Kisha akaliona shamba la Zuleikha. Mahindi yalikuwa yamefika mabegani, mazuri, mistari imenyooka. Katikati palikuwa na ngwe moja ya pori tupu, magugu na miiba na mchongoma, toka mwanzo wa shamba hadi mwisho wake.

"Na hapa je?" akauliza. "Mbona mmepaacha? Ardhi nzuri kama hii."

Watu wote wakamtazama Kahonzi.

"Katika mweria, bwana, ngwe ya asiyefika hailimwi na mwingine," akasema. "Hiyo ni ya serikali. Maadamu leo mmekuja wote, ngojeni." Akaenda kuwaletea jembe.